UZI: Ukitaka kuwaongoza walimu wenzako kwenye teknolojia, kalia mikono yako

Chaki_na_Kibodi

Wakuu habari zenu. Mimi humu ni msomaji tu, napita nasoma naondoka, ila juzi nimeona mwalimu kauliza afanyeje ili awe kiongozi wa teknolojia kati ya walimu wenzake, na majibu karibu yote yanamwambia akasome kozi hii na ile, atafute mashine yenye nguvu, ajue kila programu. Nikasema hapana, ngoja nishushe wa kwangu maana njia hiyo nimeipita na nimeanguka nayo. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kwanza mjue mimi ni mwalimu wa Jiografia, kompyuta sikusomea. Utaalamu nilipewa kwa bahati tu. Siku moja kwenye kikao cha wazazi projekta iligoma, mkuu wa shule kasimama mbele, watu wanatazama ukuta mweupe, huku walimu watatu wanachomoa waya na kuchomeka. Nikasogea nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, nikachagua skrini ijirudie, picha ikatokea. Ukumbi ukapiga makofi. Kitu cha sekunde tatu! Toka siku ile nikawa ndo mimi.

Printa ikikwama mimi, simu ya mwalimu ikijaa mimi, flashi imeingia kirusi mafaili yote yamegeuka shotikati mimi. Vipindi vyangu vyenyewe nikawa naingia nimechelewa, kisa nimeinama chini ya meza ya mtu natafuta waya. Na niseme ukweli, nilipenda. Kuna raha yake mtu mzima akikuambia "mwalimu bila wewe tungekwama". Nikajiona kiongozi. Mtu akileta tatizo namwambia nipishe kidogo, nakaa kwenye kiti chake, nashika mausi, taka taka taka, "tayari mwalimu". Anashukuru. Kesho anarudi na tatizo lile lile.

Sasa bwana nikaugua. Wiki 2 niko nyumbani, na ndo wiki za matokeo.

Nilikuwa nimetengeneza faili moja la Excel la alama za shule nzima, lina fomula mpaka kwenye kona, nalionea fahari kweli. Hakuna aliyelielewa zaidi yangu, na wakati ule hilo niliona ni sifa. Mwenzangu mmoja akalifungua, alitaka tu kujua nani kaongoza Hisabati. Akachagua safu ya alama za Hisabati peke yake akasoti. Mashine ikamuuliza, nipanue eneo au niendelee na hapa ulipochagua? Yeye hakuelewa anaulizwa nini, akabonyeza aendelee. Alama zikajipanga vizuri kabisa toka kubwa hadi ndogo, majina yakabaki palepale yalipokuwa, kwa mpangilio wa alfabeti. Akasevu akafunga. Na faili likishafungwa hata Ctrl+Z haikuokoi.

Mnaona kilichotokea? Watoto wote wenye majina ya A na B wakawa magwiji wa Hisabati, wa Y na Z wakafeli darasa zima. Jumla na wastani nazo zikajikokotoa upya kwa alama hizo hizo za uongo, hakuna kengele iliyolia. Ripoti zikaprintiwa zikaenda kwa wazazi. Tulikuja kugundua kwa sababu mtoto mmoja mwenye jina la A hakufanya kabisa mtihani ule, alikuwa mgonjwa, na ripoti yake inasema Hisabati 96. Mama yake mwenyewe ndo aliileta, anacheka, anauliza huyu kafanyia mtihani ndotoni?

Nilirudi kazini nikiwa na hasira na yule mwenzangu. Tukarudia kuingiza alama kutoka kwenye madaftari, usiku 2. Ule usiku wa pili, anasoma majina mimi naandika, akaniambia kwa upole tu: "Mwalimu, hili faili hujawahi kutufundisha, umekuwa unatufanyia." Hasira zikaniisha.

Naendelea baadaye, nina kipindi.

Kitabu_Wazi

Nimeweka kambi hapa, mkuu endelea. Hiyo ya kusoti safu moja imeshanikuta, mimi ilikuwa majina na namba za mtihani 😂 usiombe

MzeeWaUbao

Mwalimu Chaki, mimi niko kazini miaka mingi kuliko wengi humu na nasema bila kuficha, hizi kompyuta zimetuongezea kazi. Zamani naandika alama kwenye daftari, basi. Sasa hivi naandika kwenye daftari, halafu naandika kwenye kompyuta, halafu natakiwa nitume kwenye grupu, alama zile zile mara tatu. Halafu anakuja kijana anatuambia tunaogopa mabadiliko. Sisi hatuogopi chochote, tumechoka tu.

Chaki_na_Kibodi

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli na wala sibishani. Huyo kijana anayewaambia mnaogopa mabadiliko nilikuwa mimi, kwa maneno yale yale.

Kuna mtafiti anaitwa Fred Davis, mwaka 1989 aliandika kwamba mtu akiletewa teknolojia kazini anaipima kwa mambo mawili, je itanisaidia kazi yangu, na je itanisumbua kuitumia. Mimi nilikuwa nahangaika na la pili tu, nawaambia walimu ni rahisi ni rahisi, wakati swali lao lilikuwa la kwanza. Unamwambia mtu jambo ni rahisi wakati halimpunguzii kitu, si unamtukana tu?

Baada ya ule msiba wa alama nilienda kwa mkuu wa shule na ombi moja. Kila kinachoingia kwenye kompyuta kuna kitu kitoke. Tukakubaliana alama zikishaingizwa kwenye faili na mwalimu wa somo akasaini ile karatasi iliyoprintiwa, haandiki tena mahali pengine. Ile karatasi ya kukusanya alama kwa mkono ikafa. Walimu walinipenda kwa kuiua hiyo karatasi kuliko kwa kitu chochote nilichowahi kuwawashia.

Wa_Maabara

Swali mkuu, mimi shuleni kwangu nilianza na walimu vijana 3 wanaopenda mambo haya, tulienda vizuri sana, tuna grupu letu tunabadilishana mafaili, lakini wengine hawasogei kabisa. Mwaka wa pili huu. Shida iko wapi?

Chaki_na_Kibodi

Wa Maabara hapo ndo nilipokwama na mimi, tena muda mrefu.

Kuna msomi wa Marekani, Everett Rogers, mwaka 1962 aliandika jinsi jambo jipya linavyosambaa kwa watu. Akawagawa mafungu, waanzilishi wa mambo mapya asilimia 2.5, wanaowafuata mapema 13.5, halafu kundi kubwa la kwanza 34, kundi kubwa la pili 34, na wa mwisho kabisa 16. Mimi nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya ofisi yetu, tuko walimu 30. Asilimia 2.5 ya watu 30 haifiki hata mtu mmoja, yaani wewe mwenyewe unayependa haya mambo hata hujatimia 😂 Wanaofuata mapema ni kama watu 4. Makundi makubwa mawili ni kama 20. Wa mwisho ni 5 hivi. Sasa mimi na wewe tulikaa na wale 4 tukadhani tumeiongoza shule.

Na kuna kitu kingine kilichonifungua macho. Kabla ya Rogers, mwaka 1943, Ryan na Gross waliwafuatilia wakulima wa jimbo la Iowa jinsi walivyopokea mbegu mpya ya mahindi chotara. Wakakuta habari za mbegu wengi walizipata kwa wauzaji, ila kilichowashawishi kupanda ni jirani. Yaani muuzaji anasema mpaka koo linakauka, mkulima anasikia, anachungulia kwanza shamba la jirani.

Sasa jiulize, ofisini kwenu ni shamba la nani watu wanachungulia? Sio la wale vijana watatu, nakuhakikishia. Kwetu wakiona vijana wanafanya kitu kwenye skrini wanasema "hao ni wa kompyuta hao", kama vile ni kabila.

Kwetu shamba ni la mwalimu wa Kiswahili, mama wa makamo, amebakiza miaka michache astaafu, mkali, tunamwita Mama Sarufi (sio mbele yake). Akisema jambo kikaoni linapita. Na alikuwa haigusi kompyuta. Nikaacha wale vijana waendelee wenyewe, wao hawakuwa na shida na mimi, nikaenda kwa yule mama. Ila sikwenda na kompyuta, nilikwenda na swali. "Mama, ni kazi gani hapa shuleni inakuudhi kuliko zote?"

Hakufikiri hata. Akasema mitihani yake anaiandika kwa mkono, inaenda kuchapwa, inarudi ina makosa, anasahihisha, inarudi ina makosa mengine. Mwalimu wa Kiswahili mtihani wake una makosa ya tahajia mbele ya wanafunzi! Kwake hiyo ni aibu.

Simu alikuwa nayo. Nikamwonyesha kibodi ya simu yake ina alama ya kipaza sauti, na kwamba ukiichagulia lugha ya Kiswahili unaongea yenyewe inaandika. Akaitazama kama nimemletea mganga. Akasema, kwa sauti ile ya darasani, "Eleza tofauti kati ya methali na nahau." Ikaandika "mithili na nahau". Akacheka mpaka akavua miwani. "Haisikii vizuri, kama darasa langu la nyuma." Akarudia taratibu, ikapatia. Koma ilikuwa haiweki, nukta nayo kwa bahati, akawa anaweka mwenyewe kwa kidole, na hapo ndo akajifunza kuhariri bila kujua anajifunza. Kesho yake ile "mithili" akaingia nayo darasani, kawauliza wanafunzi mashine imekosea wapi na kwa nini, kipindi kizima kikaishia kwenye vitamkwa.

Wiki ya pili akaja mwenyewe, anataka kuuhamishia mtihani kwenye kompyuta aupange. Hapa ndo penye kichwa cha uzi huu. Nilivuta kiti nikakaa pembeni yake, sio mbele ya mashine, na mikono nikaikalia. Sio msemo, niliikalia kweli, viganja chini ya mapaja. Kwa sababu najijua. Anatafuta herufi g kwenye kibodi, mimi naiona, kidole kinaniwasha. Anabonyeza pasipo, dirisha linapotea, moyo unaniruka. Namuuliza tu, "mama unaona nini sasa kwenye skrini?" Ananisomea. "Unadhani ni kipi kati ya hivyo?" Anajaribu. Kusevu faili moja na kulipa jina ilituchukua dakika 11, nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Mimi ningefanya kwa sekunde 5. Ila zile dakika 11 hazijarudi tena mpaka leo, na zile sekunde 5 zangu nilikuwa nazirudia kila wiki kwa kila mtu.

Siku ya tatu alifuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya. Nikamwambia kuna kitufe cha kurudisha nyuma, kitafute. Alipokipata na maneno yakarudi, alisema "kumbe hii inasamehe." Wakuu hilo neno ndo lililomvusha. Watu wazima wengi hawaigusi kompyuta kwa sababu wanadhani haisamehi.

Ticha_Mdogo

Mimi nina miaka 2 tu kazini na ni binti, wakubwa wakiona nafungua mdomo kuhusu kompyuta wananiangalia tu. Nilimrekebisha mwalimu mmoja mbele ya wenzake kwamba anaunganisha projekta vibaya, mpaka leo hajanisamehe. Yeye hana kitufe cha kurudisha nyuma 😭

Mstaafu_Mwema

Binti yangu Ticha Mdogo, nilikuwa mkuu wa shule, nikuambie. Mtu mzima usimrekebishe mbele za watu, hilo umeshalijua kwa gharama. Nenda kwake na shida yako. Kila mwalimu wa muda mrefu ana kitu ambacho wewe hujakiweza bado, labda kunyamazisha darasa bila kupiga kelele. Muombe akufundishe hicho, tena kwa dhati, kaa nyuma ya darasa lake uangalie. Siku moja atakuuliza la kwake. Usimuwahi.

Na wewe Chaki, wenzako wanaokusoma hapa wanaweza wakadhani yote haya mwalimu anafanya kwa muda wake wa mapumziko. Hapana. Bila mkuu wa shule kutoa muda, mtu huyu atachoka mwaka mmoja. Mimi nilichofanya, matangazo yote ya kikao cha Jumatano niliyahamishia kwenye karatasi ya ubao wa ofisi, kikao kikapungua dakika 20, na zile dakika 20 nikampa mwalimu wa TEHAMA. Kila wiki, jambo moja, sio mawili. Na mimi mwenyewe nilikaa kwenye kiti kama mwanafunzi, tena nilikuwa mzito kuliko wote, na hilo liliwasaidia sana.

Chaki_na_Kibodi

Mzee Mstaafu asante sana, hilo la mkuu kukaa kwenye kiti ni kubwa. Wa kwetu alitoa dakika 20 pia, ila yeye huwa anatoka nje kupokea simu, na walimu wanaona.

Kuhusu jambo moja kwa wiki naunga mkono kwa miguu yote. Semina yangu ya kwanza nilionyesha vitu 14 kwa saa moja. Niliulizwa swali moja tu mwishoni, kama cheti kipo.

Kitabu_Wazi

Hahaha cheti 😂😂 kila semina

Bila_Mtandao

Wakuu mnaongea vizuri lakini sisi kompyuta nzima ni 2, intaneti hakuna, bando ni la mwalimu mwenyewe. Uongozi wa teknolojia ya nini hapo?

Wa_Maabara

Ngoja hili nijibu mimi kwa upande wa sayansi. Kuna majaribio ya kuigiza ya PhET, yalianzishwa 2002 chuo kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mwanafizikia mwenye Nobel, ni bure na unaweza ukayapakua mara moja yakafanya kazi bila mtandao, na baadhi yana tafsiri ya Kiswahili. Mimi napakua nyumbani nabeba kwenye flashi. GeoGebra kwa walimu wa Hisabati hivyo hivyo, bure, inafanya kazi bila mtandao, ilianza 2001 kama kazi ya chuo ya Markus Hohenwarter kule Salzburg. Na kama una mashine moja nzima kuna programu inaitwa Kolibri, unaijaza masomo sehemu yenye mtandao, ukifika shuleni simu na vishikwambi vinajiunga nayo kwa wifi ya ndani bila hata kilobaiti ya bando.

Chaki_na_Kibodi

Wa Maabara kamaliza, mimi naongeza kisa kimoja tu maana kilinifundisha mipaka yangu.

Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa anafundisha saketi. Mimi kwa kiherehere nikamtengenezea slaidi, waya zinawaka, balbu zinaingia na kutoka kwa mbwembwe, nilikesha. Akaziangalia akasema "nzuri, lakini hizi zinaonyesha, hazifundishi." Nikanuna siku 2. Baadaye akachukua lile la PhET la saketi, projekta moja, kompyuta moja, darasa limejaa. Akachora balbu 2 zilizofuatana. Akauliza, nikichomoa hii moja, ile nyingine itafanyaje? Kila mtu aandike kwanza kwenye daftari. Hagusi mausi mpaka wote wameandika. Nusu wakaandika itaendelea kuwaka, wengine eti itawaka zaidi. Ndo akachomoa. Giza. Kelele za darasa lile mlizisikia mpaka huko mlipo.

Kompyuta ile ile moja. Mimi nisingeweza kuliwaza lile swali kwa sababu sijui wanafunzi wa Fizikia huwa wanakosea wapi, yeye anajua. Lee Shulman aliligusa hilo mwaka 1986, kwamba kuna ujuzi wa somo, na kuna ujuzi wa kulifundisha somo hilo lenyewe, na 2006 Mishra na Koehler wakaongeza teknolojia juu yake, kwamba vyote vitatu lazima vikutane kichwani kwa mwalimu. Vikutane kichwani kwake yeye, sio kwangu. Mimi nikimletea slaidi zilizoiva nimemnyima. Siku hizi mwalimu wa somo namuuliza tu "wanafunzi wako wanakwama wapi?" halafu naenda kutafuta chombo, namletea viwili vitatu, anachagua, na mara nyingine anasema vyote havifai na ubao unatosha. Namwamini.

Ticha_Mdogo

Na akili mnemba je? Kila mtu sasa hivi anatungia mitihani huko

Chaki_na_Kibodi

Naitumia dada, sitadanganya. Ila nilishaaibika. Niliiomba maswali ya kipimo cha ramani pamoja na majibu. Swali lilikuwa zuri, ramani ya 1:50,000, umbali kwenye ramani sentimita 4, tafuta umbali halisi. Jibu ikaniambia kilomita 20, kwa kujiamini kabisa na hatua zote. Ni 2. Sentimita 4 mara 50,000 ni sentimita 200,000, yaani kilomita 2. Mwanafunzi ndo alinionyesha, karatasi zimeshasahihishwa. Kwetu sasa tuna makubaliano, swali la mashine haliprintiwi mpaka mwalimu alifanye mwenyewe kwa kalamu. Na majina ya wanafunzi na alama zao hazipelekwi huko hata kidogo.

Hili la majina naomba nilisemee maana ndo sehemu ambayo kiongozi anatakiwa kukaza. Zamani nilikuwa natupia orodha nzima ya matokeo kwenye grupu la wazazi, wa kwanza hadi wa mwisho, naona ni uwazi. Baba wa mtoto wa mwisho akanipigia, hakugomba, aliuliza tu "mwalimu, na wewe una mtoto?" Tangu hapo kila mzazi anapata ya mwanawe. Kuna wenzangu walinuna maana njia ya zamani ilikuwa bonyezo moja. Wacha wanune.

Kitabu_Wazi

Swali la kizushi mkuu usikasirike. Ukishawafundisha wote, wewe unabaki na nini? Hapa shuleni ule ujuzi ndo unanipa heshima, mkuu wa shule ananijua kwa jina kwa sababu ya printa.

Chaki_na_Kibodi

Sio la kizushi, ni la kweli na watu hawalisemi. Niliwaza hivyo hivyo. Mwezi uliopita nilikuwa darasani dirishani naona ofisi ya walimu, printa imekwama, watu wamejikusanya. Nikajiandaa kuitwa. Dakika zinaenda, siitwi. Nikaona Mama Sarufi kafungua kifuniko cha nyuma, kavuta karatasi taratibu kwa mikono miwili kama nilivyomwonyesha mwaka jana, kafunga, ikaanza kutema karatasi. Hakuna aliyenitazama.

Nilijisikia vibaya kiukweli. Kama saa nzima hivi. Halafu nikagundua muhula huo wote sijachelewa kipindi hata kimoja.

Jipya_Darasani

Habari wakuu, nimeingia kwa uzi huu na nina shida ya haraka, kesho natoa matokeo. Nimeweka fomula ya RANK ya nafasi, wa juu wanatoka sawa lakini kadiri nashuka chini nafasi zinakuwa za ajabu, mwanafunzi wa mwisho kwenye orodha ana wastani wa 31 na imemwandikia nafasi ya 1. Nimerudia mara 4. Msaada tafadhali 🙏

MzeeWaUbao

Mwanangu, hiyo ilinitoa jasho mimi wiki iliyopita. Usifute kitu. Bofya kwenye ile nafasi ya mwanafunzi wa mwisho halafu angalia juu fomula imeandika nini. Unaona imeanzia wapi?

Jipya_Darasani

Imeandika C41 mpaka C80. Lakini wanafunzi wanaishia C41!

MzeeWaUbao

Ndiyo hivyo. Ukivuta fomula kwenda chini, na eneo la kulinganisha nalo linashuka. Yule wa mwisho analinganishwa na seli tupu, yuko peke yake, lazima awe wa kwanza. Rudi kwa mwanafunzi wa juu kabisa, weka alama ya dola ili eneo lisisogee, iwe $C$2:$C$41, halafu vuta upya. Na kama kuna mtoto hakufanya mtihani usimwekee 0, acha seli tupu, maana 0 inahesabiwa kwenye wastani wa darasa na tupu haihesabiwi. Fanya mwenyewe, niko hapa nasubiri.

Jipya_Darasani

IMEKUBALI!! Shikamoo mzee, asante sana. Mwalimu Chaki kuna cha kuongeza?

Chaki_na_Kibodi

Sina. Kengele imegonga, naenda kidato cha pili.